Faili Si Mtu

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Hasira hiyo ndiyo iliyonilisha miaka kumi na sita katika kazi ya kutengeneza dokumentari. Naona upuuzi umeandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, damu inachemka, natafuta kamera. Nimepiga filamu za maji, za bomoabomoa, za shule zisizo na vyoo. Nyuma ya mgongo wangu wananiita Bi Kelele, na mbele ya uso wangu naitika.

Hospitali ya mionzi ilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumanne, namba thelathini. Ukitaka kuingia kwenye orodha ya mashine uchukue namba dirishani, wewe mgonjwa mwenyewe, kwa mkono wako. Humtumi mwanao. Huachi faili lako kwenye benchi ukaenda msalani, maana juu ya dirisha wameandika kwa rangi nyekundu: FAILI SI MTU. Namba zenyewe ni vikaratasi, karani anavigawa kama karata, na kufumba na kufumbua vimeisha. Watu wana uvimbe shingoni, wengine hata kusimama hawawezi, wamekaa pale tangu alfajiri, halafu wa thelathini na moja anaambiwa arudi wiki ijayo. Nilipoliona lile andiko nikasema, haki ya nani, hawa nitawaonyesha.

Ndipo nikampata Fundi. Alikuwa fundi viatu, ana uvimbe chini ya taya na mdomo usiojua likizo. Siku ya kwanza alinitazama miguu kabla ya uso, akasema, "Dada, hiyo soli inakuaga, hujaisikia tu." Wiki saba tulimfuata: kibandani kwake, kliniki, nyumbani anakoishi na mkewe, foleni. Mtu wangu wa sauti, mwanamume wa makamo tunayemwita Masikio, alikuwa akimbandika maiki ndogo kifuani kila asubuhi, na kila asubuhi Fundi anamwuliza kama hiyo ndiyo dawa yenyewe. Nilimpenda yule mzee. Naliweka wazi hilo kabla sijaendelea.

Jumanne ya wiki ya saba alikuwa wa ishirini na tisa kwenye foleni. Alifika saa kumi na moja alfajiri, kavaa shati jeupe limenyooka, tukampiga picha akiingia getini. Lakini giza lilikuwa bado, na katikati ya picha lori la maji likapiga honi. Picha ikawa haifai hata kwa dawa. Ilipofika saa mbili kasoro dakika tano, jua likalipiga lile geti, mwanga mzuri ajabu, nami nikasimama nje nikapaza sauti: "Fundi! Njoo urudie mlango!"

Kurudia mlango ni lugha yetu ya kazini. Mtu ameshaingia, unamwomba atoke, aingie tena kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Tunafanya kila siku, hata kwenye filamu hizi tunazoapa kuwa ni za kweli tupu. Na dirisha lile, katika wiki zote zilizotangulia, halikuwahi kufunguliwa kabla ya saa mbili na nusu. Nilizijua tabia zake kama ninavyolijua jiko langu. Siku ile likafunguliwa saa mbili kamili.

Fundi aliporudi ndani, taratibu, jua limemkaa begani, mlinzi alikuwa ameshaliondoa faili lake kwenye benchi. Mama aliyekuwa nyuma yake alikuwa bado anamtetea: "Jamani yupo, katoka sasa hivi, kaitwa na hawa wa kamera!" Mlinzi akanyoosha kidole kwenye yale maandishi mekundu. Vikaratasi vikaisha. Isitoshe, barua ya rufaa ya Fundi ilikuwa inaisha muda Ijumaa ileile, kwa hiyo haikuwa habari ya kurudi wiki ijayo. Ilimbidi aanze upya kliniki ya mtaa, vipimo, mhuri, barua mpya. Wiki kumi.

"Si kitu, dada," aliniambia. "Picha si umeipata?"

Nilikuwa nimeipata. Yeye alifariki wiki ya tisa ya zile kumi.

Niliihariri filamu ile miezi mitano. Msimulizi anasema: "Fundi alifika alfajiri. Saa mbili na dakika tano aliambiwa namba zimeisha." Kila neno hapo ni kweli, nilihakikisha. Lile geti lenye jua nikaliweka mwanzo kabisa, na sauti yangu nikaifuta.

"Dada," Masikio akaniambia siku moja, tumekaa kwenye kile chumba chetu kisicho na dirisha, "hapa kuna kitu tumekitoa."

"Tumetoa kelele."

"Tumekutoa wewe."

Nikamwuliza kama anataka kunifundisha kazi. Nikamkumbusha kwamba Kamati ya Afya inakaa Alhamisi ya wiki inayofuata, kwamba wameomba wenyewe kuiona filamu kabla ya kuamua kama ule utaratibu ubaki au uondoke, na kwamba tukisema ni sisi, watapata hapohapo pa kushikia. "Watu mia watakufa kwenye lile benchi kwa sababu ya usafi wa roho yako," nikamwambia.

"Mficha uchi hazai," akasema polepole. "Mke wa Fundi anajua?"

Nikarusha kalamu ukutani. Mimi nikibanwa huwa narusha kitu.

Tuna desturi yetu kwamba kabla filamu haijaonyeshwa kwa mtu yeyote, familia iione kwanza. Kwa hiyo Jumatatu nikaenda kwa mjane na kompyuta kwapani. Ni nyumba ya vyumba viwili, sebule ina benchi moja refu na rafu ya viatu ambavyo wenyewe hawajaja kuvichukua. Akanikaribisha, "Karibu mwanangu, karibu ndani," kama siku zote. Akaiweka kompyuta mapajani. Fundi alipotokea getini na jua lake, akagusa kioo kwa kidole.

"Lile shati," akasema.

Nikasema ndiyo mama, alipendeza.

"Mwanangu, nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja? Mimi ndiye niliyemchelewesha." Hakuwa ananitazama. "Alitaka kutoka saa tisa. Nikamwambia, nchi nzima itakuona, unatokaje umekunjamana kama mfuko? Umeme hakuna. Nikawasha pasi ya mkaa, mpaka ishike moto, mpaka nimalize, ni saa nzima na zaidi. Akachelewa. Akakosa namba. Aliporudi hakunilaumu, alisema tu zimeisha akiwa karibu. Karibu! Kama nisingemshika ile saa moja, leo ningekuwa namkemea hapa avue viatu mlangoni. Miezi inapita hii, na mimi silali."

Ningeweza kusema, mama usijilaumu, mipango ya Mungu. Maneno hayo yako tayari siku zote, hayamchoshi mtu. Nusura niyaseme.

"Hakuchelewa," nikasema.

"Unasema?"

"Hakuchelewa, mama. Alikuwa wa ishirini na tisa. Ni mimi niliyemtoa kwenye foleni. Nilimwita nje arudie kuingia getini, dirisha likafunguliwa nyuma yake."

"Arudie? Kwa nini?"

"Picha ya kwanza iliharibika. Lori la maji lilipiga honi."

"Honi."

"Ndiyo mama."

"Kwa hiyo alifika," akasema. "Pamoja na lile shati, na ile saa nzima, alifika."

"Alifika."

Akaifunga kompyuta, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama unavyomrudishia mtu sufuria yake. Halafu akasimama. "Mazishini ulikaa jikoni na sisi," akasema. "Ulimenya vitunguu. Mimi nakuona unalia, nasema maskini mtoto wa watu, ana huruma. Inuka. Toka nyumbani kwangu." Hakuniita mwanangu. Nikatoka, na kiatu kimoja nikakivalia njiani.

Usiku huohuo nilimpigia Masikio, na kesho yake tukairudisha sauti yangu. Inasikika kabisa: "Fundi! Njoo urudie mlango!" Halafu nikaingia mwenyewe mbele ya kamera, bila poda, nikaeleza kilichotokea baada ya hapo. Dakika moja na nusu. Alhamisi tukaionyesha.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mpole mwenye miwani, alisikiliza mpaka mwisho, hakusinzia hata kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo aliyemkosesha marehemu namba ni mwandaaji wa filamu?"

"Ni mimi na utaratibu wenu," nikajibu. "Mimi ni mara moja. Utaratibu wenu ni kila Jumanne."

"Lakini utaratibu haukumwita mtu getini," akasema, na wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka kwenda kula. Wakaandika kwamba ushahidi uliotolewa haujitoshelezi. Namba thelathini zikabaki thelathini. Nilimtukana yule mwenyekiti kwenye ngazi, nikawatukana na walinzi wake ambao hawana kosa, kisha nikaenda kulia chooni. Masikio alinisubiri nje ya mlango kashika mkoba wangu. Nilikuwa nimepoteza vyote viwili, filamu na yule mama, na hakuna wa kumlaumu. Kwa mtu wa hasira hilo ni gumu kuliko msiba.

Wiki mbili zikapita. Mjane akatuma ujumbe, mstari mmoja bila salamu: nataka kuisikia sauti ya siku ile.

"Yote?" Masikio akauliza, na nikajua anachouliza. Ile maiki ilikuwa kifuani kwa Fundi. Baada ya mimi kupaza sauti, yeye alimgeukia yule mama wa nyuma yake, na maiki ikanasa kila neno: "Shemeji, nishikie nafasi. Naenda kuwaonyesha kazi ya mke wangu. Hili shati kalipigia pasi saa nzima, nikirudi bila kuonekana leo sipewi chai."

Tuliisikiliza mara nne. Nilifikiri: mwanamke huyu ametua mzigo wa shati juzi tu, sasa nimtwishe tena? Nikaikata ile sentensi. Nikazishona ncha mbili vizuri, mimi ni fundi wa hayo, hata Masikio asingejua kama asingekuwepo. Hakunipinga. Safari hii ningependa angenipinga.

Mjane alinifungulia, akakaa mwisho wa benchi. Hakuniambia karibu wala kaa, nikabaki nimesimama katikati ya sebule. Nikamvalisha hedifoni. Akafumba macho. Akasikia minong'ono ya foleni, akamsikia mumewe akikohoa, hapo akauma mdomo. Akasikia sauti yangu. Akasikia hatua, mlango wa chuma, upepo.

Akafumbua macho. "Halafu?"

"Halafu akatoka, mama."

"Bila kusema kitu?"

"Bila kusema kitu."

"Mume wangu?" akasema. "Yule mtu alikuwa anawaaga kuku akienda msalani. Miaka thelathini na moja sijamwona akiinuka kitini bila neno." Akazivua hedifoni, akazishika mkononi, akanitazama kama mara ya kwanza ile niliyokuja na kamera. "Umekata."

Nikainamia kompyuta.

"Umekata tena. Nipe mume wangu mzima."

Mara ya kwanza nikabonyeza pasipo. Nikaifungua ile nyingine, nzima. Akavaa. Mimi nilisimama namtazama uso, maana nilijua kila sekunde iko wapi: sasa kikohozi, sasa mimi, sasa yeye. Kwenye neno chai akacheka. Alicheka kweli, kwa sauti, kama mtu aliyetekenywa, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Alilia mpaka akaisha. Akajifuta kwa pembe ya kanga.

"Kwa hiyo wewe ulimwita," akasema, "na mimi nikampa sababu ya kwenda."

"Mama, usiseme hivyo. Ni mimi."

"Nyamaza. Umeshanichagulia vya kutosha." Akatazama rafu ya viatu. "Tuko wawili, basi."

Akasogea kwenye benchi, akapapasa ubao pembeni yake.

"Kaa."