Kifuniko cha Soda

Mgongo wangu niliupa ahadi: msimu huu hautainama. Daktari wa Vwawa alishanikataza, na kikundi chetu cha wakulima hapa Itaka kilikuwa kimekodi pawatila, trekta dogo la mkono, kutoka Mlowo, limefungwa mashine ya kuweka mbolea. Linapita kati ya mistari ya mahindi, mbolea inashuka kwa mabomba mawili, shamba linakwisha kabla chai haijapoa. Sharti ni moja tu: zamu yako ikipita, subiri wengine wote wamalize.

Tangu niolewe, mbolea nimeiweka kwa kifuniko cha soda. Unachota, unainama, unatia kando ya shina, unafukia, unasogea. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake. Mume wangu Yonathani kazi yake ni kusimama mpakani na kupiga kelele, "Atupele, umeruka shina!" Macho ya kuona mashina yaliyorukwa anayo, Mungu amemjalia.

Siku ya zamu yetu ilipofika, dereva wa pawatila, Ombeni, alifungua mfuko wa kwanza akachungulia ndani. Mbolea haikuwa nyeupe. Ilikuwa tope zito la kahawia.

"Baba, hii mmeifanyaje?"

Yonathani akajikohoza. "Nimeichanganya na udongo jana jioni. Si ndivyo tunavyofanyaga, isiunguze mahindi? Nikasema mama asihangaike tena asubuhi."

Ni kweli, ndivyo tunavyofanya. Lakini tunafanya kwa ajili ya kifuniko, tena palepale shambani, kidogo kidogo. Ikilala na udongo inavuta maji. Angeniuliza tu. Jana jioni nilikuwa jikoni, nageuza ugali wake. Nilikasirika mpaka nikachoka kukasirika.

Ombeni hakukata tamaa upesi. Mabomba yaliziba kabla hajamaliza mstari wa kwanza, akazibua kwa kijiti, yakaziba tena. Kisha simu yake ikaita. Ni Mama Mercy wa shamba linalofuata, anauliza mashine iko wapi.

"Mama, unisamehe," aliniambia alipokata simu. "Labda tukimaliza mzunguko."

"Mzunguko ukiisha mahindi haya yatakuwa kuni," nilimjibu. Majani ya chini yalikuwa yameshaanza kuwa ya njano.

Mlio wa pawatila ukahamia kwa jirani. Nikakaa mpakani, juu ya mfuko mtupu, machozi yakanitoka. Sikuwa nalilia mbolea. Nilikuwa nimechoka, nimechoka hata kabla kazi haijaanza, na mgongo nilikuwa nimeudanganya.

"Sasa tunafanyaje, Mama Gwantwa?" Yonathani akauliza.

Kwenye pindo la kitenge nilikuwa na kifuniko changu, nimekuja nacho kwa mazoea. Nikafungua pindo, nikampa.

"Inama."

Akacheka, akidhani natania. Alipoona sicheki, akatazama barabarani kama kuna mwanamume anayepita. Kisha akachukua ndoo ya tope lake, akainama.

Mstari wa kwanza aliumaliza bila kuinuka. Katikati ya wa pili akajinyoosha taratibu, mkono kiunoni, uso umelowa jasho.

"Mama Gwantwa, hivi mistari hii huwa mirefu namna hii?"

Nilitazama nyuma yake, pale alipotoka.

"Umeruka shina," nikamwambia.