Mama Bosi Bila Bosi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kwenye uwanja wa mtaani kwetu ambako watu huleta mbwa wao kucheza, nikiwa na kamba mkononi, bila mbwa.

Geti linanitazama kutoka juu hadi chini. "Mbwa yuko wapi?"

"Alikufa mwezi wa tatu."

"Pole sana. Lakini hapa haingii mtu peke yake."

"Yuko na mimi," kamba inadakia.

Geti linafikiri, kisha linafunguka kiasi cha kupita mtu mwembamba. Mimi si mwembamba. Nilipita hivyo hivyo.

Ndani, ile sheria kwamba mbwa akiingia afunguliwe kamba akimbie huru imewageukia watu. Majirani wanakimbia ovyo, ndimi nje, na mbwa wamekaa kwenye mabenchi wanapiga soga. Baba Popi anachimba shimo. Miaka sita tumesalimiana kila asubuhi, simjui jina wala yeye hajui langu. Pale kila mtu huitwa kwa jina la mbwa wake, na mimi nilikuwa Mama Bosi. Tangu Bosi afe hakuna aliyenibishia hodi. Nadhani hawajui waniiteje.

Popi, mbwa mzee wa sikio moja, ananisogezea nafasi. "Wewe ni wa nani?"

"Kwa sasa si wa mtu."

"Anauma?" jike mmoja mweupe anauliza.

"Haumi," Popi anamjibu. "Ni mpweke tu."

Niliona aibu, maana ni kweli.

Mara benchi liko sebuleni kwangu, nyasi zimeota hadi chini ya kochi. Popi ananusa bakuli la Bosi, halili kitu. "Huyu hutampata," ananiambia. "Sisi wenyewe tumemtafuta."

Nikalia bila haya mbele ya mbwa wanane. Walingoja nimalize.

"Jina lako nani?" Popi akauliza. "Lako mwenyewe."

Ilibidi nifikiri. "Perpetua."

Akalirudia polepole mara tatu, kama mtu anayetumwa dukani.

Niliamka saa mbili asubuhi, mto umelowa. Nilipofungua pazia, Baba Popi alikuwa amesimama nje ya geti langu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Popi alikuwa ameketi mbele yake na hakutaka kusogea, hata alipovutwa.

"Hodi!" Baba Popi aliita. "Bi Perpetua!"

Kisha akamtazama mbwa wake kwa mshangao.