Nyuso Bila Mikono

Kioo kilianza na mstari mwembamba wa kijani, chini kabisa, na Mwalimu akaupuuza. Kompyuta ilikuwa bado mpya. Hata ile karatasi laini ya kwenye mfuniko alikuwa hajaibandua. Lakini mstari ule ulileta wenzake, kisha likaja giza, na giza likapanda polepole kama maji yanavyopanda kwenye ndoo, mpaka nusu nzima ya chini ikawa nyeusi tii. Nusu ya juu ilibaki inang'aa kama haihusiki.

Kwa mtu mwingine ingekuwa kero. Kwa Mwalimu ulikuwa msiba. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha lugha ya alama, kwa njia ya video, wazazi wenye watoto wasiosikia. Sasa alipofungua darasa aliona nyuso zikimkodolea macho na mabega yakitikisika. Mikono yao ilikuwa imezama gizani.

Alijaribu simu. Kwenye simu akina mama wote walijazana kwenye kioo cha kiganja, na vidole vyao vikawa kama njiti za kiberiti. Alisogeza simu, akaisogeza tena, macho yakamtoka machozi, akaahirisha darasa.

"Ina waranti," mdogo wake alimwambia kwa mikono. "Tulia. Hii niachie mimi."

Huyo mdogo mtu nyumbani walimwita Cheche, na jina halikumwonea. Alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na tangu utotoni ndiye aliyekuwa mdomo wa dada yake: dukani, hospitalini, kwenye ofisi za watu. Aliifunga kompyuta kwenye khanga, akaipeleka kwenye duka ilikonunuliwa. Mwanamke wa mapokezi aliipokea vizuri, akaandika namba ya simu ya Mwalimu.

"Lakini mama, mwenyewe hasikii," Cheche alimwambia. "Msimpigie. Mtumieni ujumbe."

"Haina shida, dada yangu."

Basi hapo ndipo danadana ilipoanza. Leo fundi hayupo, kesho kioo kimeagizwa, keshokutwa mtandao uko chini. Cheche akawa kiguu na njia kati ya saluni na duka, akiwaacha wateja wamesukwa upande mmoja wa kichwa. Huku nyumbani Mwalimu hakuwa na raha. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mama wa mtoto aliyepoteza usikivu baada ya homa kali. Mama yule alikuwa ameshajifunza "njoo," "kula" na "nakupenda." Wakati kompyuta imelala dukani, aliandika ujumbe: mtoto amelia tangu jana, anagaagaa, sijui namuulizaje panapouma. Ilikuja kugundulika ni jino. Lakini Mwalimu aliusoma ujumbe ule mara nyingi mno, na kila akiusoma aliuma midomo.

"Twende wote," alisema.

Wakaenda. Mwanamke wa mapokezi aliwaona, akainuka, akarudi na meneja, bwana mmoja nadhifu aliyening'iniza kitambulisho shingoni. Mikononi alikuwa na kompyuta ile ile, giza lile lile.

"Hii tulishaifunga," alisema.

"Mmeifunga au mmeitengeneza?" Cheche aliuliza.

"Tumefunga shauri lake. Kabla ya kubadilisha kioo chini ya waranti, makao makuu humpigia mteja ili athibitishe kwa sauti yake. Wamempigia zaidi ya mara moja. Hakupokea."

Cheche alimwangalia kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Mzaha haukuisha.

"Kaka, huyu hapa ni kiziwi. Niliwaambia siku ya kwanza."

"Nimeelewa. Lakini utaratibu unataka sauti ya mwenye mali."

"Basi wapigie sasa hivi, nitaongea mimi. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja."

"Wewe si mwenye mali."

"Kwa hiyo afanye nini? Apone kwanza?"

Meneja alishusha pumzi, akawasha kompyuta, akabonyeza kitu. Muziki ukatoka. Akatabasamu kwa upole, na upole wenyewe ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Kwa kweli mashine si mbovu kabisa. Angalia, sauti inatoka safi tu."

Hapo maji yakazidi unga. Cheche alipandwa na mori. Alimwambia meneja kwamba kichwa chake ni hanga la kutundikia kitambulisho. Alimwuliza kama kipofu naye humwuzia taa. Alipiga meza, kopo la kalamu likaruka, kalamu zikatawanyika, wateja wakageuka, na mlinzi akaja akamshika kiwiko: "Mama, tutoke taratibu." Alitolewa nje akiwa bado anapayuka, na kompyuta akapakatishwa kama mtoto mchanga.

Barabarani alihema, akijiona shujaa. Ndipo alipomwona dada yake uso.

Mwalimu alikuwa amefura. Mikono yake ilipiga hewa kwa nguvu, na alama zake zilikuwa fupi na kali.

"Amesema nini?"

"Yule ni mjinga, dada, achana naye..."

"Nimekuuliza, amesema nini? Umepiga kelele, umerusha kalamu, umefukuzwa. Nimesimama pale kama mwavuli ulioegeshwa ukutani. Hukunitafsiria hata neno moja!"

"Nilikuwa nakupigania!"

"Kompyuta ni yangu. Darasa ni langu. Mtoto aliyelia ni wa mwanafunzi wangu. Hata hasira nazo umenichukulia. Mimi nabaki na nini?"

Wapita njia waliwakwepa, wakidhani wanapigana, na hawakukosea sana. Cheche aliiweka kompyuta chini, mikono ikawa huru. Akamweleza sasa, hatua kwa hatua, habari ya simu na ya sauti, mpaka ile ya muziki. Mwalimu alitazama mpaka mwisho. Hakulia. Alimwuliza jambo moja tu: zile kompyuta za maonyesho, zilizowashwa mle ndani, zina mtandao?

Siku ya darasa walirudi na kompyuta ile mbovu, wakaiweka mapokezi. Masharti yalishawekwa: Cheche angetafsiri kinachosemwa chote, hata matusi, na asingeongeza la kwake hata chembe. Mlinzi alimkazia macho Cheche. Mwalimu hakumwangalia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta kubwa kuliko zote, karibu na dirisha, akavuta kiti, akaingia darasani kwake. Mmoja mmoja akina mama wakatokeza kwenye kioo, na akina baba wawili watatu nyuma yao. Wote na mikono yao.

"Somo la leo," Mwalimu aliwaambia, "ni kuuliza mtoto panapouma."

Akaanza. Kichwa, sikio, jino, tumbo. Alionyesha, wakarudia, akawasahihisha. Wateja walisogea. Bibi mmoja aliyekuja kununua chaja alianza kurudia na yeye.

Meneja alitoka ofisini mbio. "Dada! Hairuhusiwi! Dada!" Alipaza sauti, akapaza tena, na watu wakaanza kucheka, maana alikuwa anampigia mbuzi gitaa mbele ya kadamnasi. Mwishowe akamgeukia Cheche. "Mwambie aondoke."

Cheche alitafsiri. Alikuwa na ya kwake ya kusema, lakini alitafsiri, neno kwa neno. Mwalimu alimtupia jicho, akajibu, akarudisha macho kwenye kioo.

"Anasema," Cheche alisema, "mmekataa kumtengenezea sehemu yake ya kazi. Kwa hiyo sasa anafanyia kazi hapa. Leo, na kila siku ya darasa, mpaka kioo chake kipone. Anasema kama mna neno la kumwambia, muandike, anasoma vizuri tu."

"Nitaita polisi."

"Anasema waite. Uwapigie wewe, kwa sauti yako."

Yule bibi wa chaja aliingilia. "Kwani wewe baba, huyu mtu kosa lake nini hasa?" Mtu mmoja alianza kurekodi kwa simu. Meneja aliitazama ile simu, akawatazama watu, akatazama akina mama kwenye kioo, ambao nao walikuwa wameacha kurudia na walimtazama yeye. Shingo yake ililowa jasho. Akaingia ofisini, na kupitia kioo cha mlango wakamwona anabishana na simu, mkono mmoja kiunoni.

Alipotoka alikuwa ameandika kwenye karatasi, na safari hii aliipeleka kwa mwenyewe. Makao makuu wamekubali. Fundi atabadilisha kioo leo hii, kimetolewa kwenye mashine nyingine. Naomba radhi.

Mwalimu aliisoma. Chini yake akaandika: Kioo kwanza. Akarudi kwenye somo.

Aliendelea kufundisha mpaka fundi alipoleta kompyuta yake, kioo kizima juu hadi chini. Aliikagua pembe zote, akawaaga wanafunzi, akasimama. Meneja alinyoosha mkono. Mwalimu alimpa wake, lakini hakutabasamu, na alipouachia alichukua ile karatasi akaongeza swali: Na kiziwi atakayekuja kesho?

Meneja alisoma, akakuna kidevu. "Mwambie... utaratibu ni wa juu, si wangu."

Cheche alitafsiri. Dada yake aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

Njiani Cheche alitaka washerehekee, wanunue hata soda. Mwalimu alitikisa kichwa. Bado alikuwa na hasira, na hakuona haya nayo. Jioni ile ile aliwaandikia makao makuu, mwenyewe, akiuliza swali lile lile. Hawajamjibu. Huwaandikia tena kila wiki, na Cheche akipita nyuma yake, huisoma barua, asiongeze neno.