Muguu wa Tonton Venant

Tonton Venant alienda kuchimba zahabu kule Mwenga, akanyamaza mwaka muzima. Halafu kilima cha kule kikabomoka, na wakaleta mifupa ya mutu moja mu hospitali ya Bukavu. Tukaitwa familia, tuangalie kama iko yeye. Maman Micheline, muke wake, aliweka kitenge cheusi mu sakoshi yake ya mukono. Hakujua kama atakivaa.

Docteur Constance akauliza kama tonton alishavunjikaka. Maman hakufikiri hata kidogo: muguu wa kuume, moto, ile pikipiki, ilimuangusha barabara ya Walungu. Tangu siku ile anachechemea, na hakupandisha tena hata bidon moja ya maji mu mulima yetu. Kwa kucheza ndombolo tu ndiyo muguu ulikuwa unapona. Muzee Lucien, muunga mifupa wa avenue yetu, ndiye alimufunga vijiti. Alikuwa hapo pamoja na sisi, anaangalia dari.

Docteur akatueleza kama mufupa ukivunjika na kuunga, unabakiza kinundu, kama chuma iliyochomelewa. Akageuza mifupa ya miguu: yote laini kama muchi wa kutwangia sombe.

"Huyu hakuvunjikaka muguu."

Tukaanza kuimba. Maman akacheza mpaka kiatu kikamutoka.

Muzee Lucien peke yake hakuimba. Alikohoa, kisha akakubali kama muguu ule haukuvunjikaka hata siku moja. Tonton alimupa jogoo ili amufunge vijiti, sababu ya kukimbia bidon za maji.

Wimbo ukakatika. Maman akakaa, akakumbatia sakoshi yake. Basi ile mifupa ingeweza kuwa ya bwana yake.

Docteur akainua mufupa wa bega. Huu ulivunjika zamani ukaunga kombo, kinundu iko kama njugu.

"Muzee," maman akasema polepole, "bega ya Venant je?"

"Nzima, maman. Siku ile nilimupapasa mifupa yote, tukitafuta wa kusingizia. Bwana yako hakuvunjikaka kitu hata kimoja."

Ndiyo hivi uongo wa tonton ulimufufua. Docteur alirudisha ule mufupa taratibu, akasema kuna muke mwingine fulani anayeijua bega hii. Maman akainamisha kichwa kwa ajili yake. Wakati wa kurudi alipitia sokoni, akanunua bidon mupya, ile kubwa ya litres vingt, makumi mbili.

Kisha ya wiki mbili tonton akashuka toka juu ya lori la ndizi, ati simu ilianguka mu muto. Alipotuona, akaanza kuchechemea. Maman akamukumbatia, akalia machozi ya kweli. Halafu akamuangalia chini, kwa miguu.

"Papa Venant, huo ni wa kushoto," akasema, na akamupatia bidon.