Chembe Nje ya Chumba cha Nne

Umma unaarifiwa kwamba benchi lililokuwa nje ya Chumba cha Nne limehamishiwa nje ya Chumba cha Sita, na kwamba wanaosubiri majibu ya maabara watalifuata huko.

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu katika hospitali moja ya Lurambi. Wagonjwa walilifuata benchi. Daktari Elkanah, mtoaji wa majibu, alibaki katika Chumba cha Nne.

Kulthum wa Mumias aliketi mwishoni mwa benchi na bintiye Hamida, ambaye tezi ya shingoni mwake ilikuwa imefikia ukubwa wa yai. Mwezi uliopita kipande cha tezi hiyo kilikatwa ili kikapimwe katika maabara kuu. Asubuhi hiyo chembe nyeupe za damu zilianza kutoka chini ya sikio la Hamida, kila moja ikiwa na ukubwa wa haragwe.

Ndani ya tezi, chembe hizi hutambaa juu ya nyuzi nyembamba zikifuata harufu, hadi zimpate mwenzao aliyebeba kipande cha adui. Zikishamgusa, hujua zitapigana na nani. Nyuzi za Hamida zilikuwa zimekwisha kuliwa na ugonjwa. Kwa hiyo chembe zilishika ufa wa ukutani, zikaelekea Chumba cha Nne.

"Mama, watu wako wameruka laini," alisema Wanzala, mkulima wa miwa kutoka Kabras, bila kuinua macho.

"Hawajaruka. Wao hawafuatangi benchi."

Kulthum alizifuata. Zilipita chini ya mlango, zikapanda friji, zikasongamana kwenye mpira wa mlango wake. Elkanah aliifungua, kwa kuwa alitaka soda yake. Nyuma ya soda palikuwa na kichupa chenye jina la Hamida.

"Daktari, uliniambia majibu yako njiani."

"Yako njiani, mama. Ni sampuli ndiyo haijaondoka."

"Tangu mwezi uliopita?"

"Huwa tunangojanga gari."

Chembe zilikizunguka kichupa, zikawa zinagusa kioo moja baada ya nyingine. Zilizochoka zilianguka sakafuni, na mfagiaji akazizoa pamoja na pamba. Kufikia adhuhuri Hamida hakuweza tena kugeuza shingo.

Kamati ya hospitali ilikutana alasiri. Iliamua kwamba benchi lirudishwe nje ya Chumba cha Nne, chembe zitengewe ncha iliyo karibu na ukuta, na friji ifungwe kwa kufuli.