Maingi Aomba Kuuawa

Siku hiyo mume wangu hakukalika tangu asubuhi. Aliketi, akasimama, akachungulia dirishani, akavaa shati, akalivua tena. Chumba chenyewe ni kimoja, hapa Kaloleni, nami nilikuwa napika chai. Kila nikigeuka nagongana naye.

"Baba Mativo, keti basi, unanitia kizunguzungu."

"Nimeketi," akasema, naye yuko mlangoni.

Watu wa filamu walikuwa wamerudi. Zamani, kabla mambo hayajaharibika, walimtoa kwenye kazi yake ya kuchonga vinyago wakamfanya jambazi katika filamu yao ya kwanza. Sura anayo, sikatai. Ni ile ya kukukodolea macho mpaka ukumbuke madhambi yako. Gari la sinema ya bure likaja, shuka ikatundikwa uwanjani, na mtaa mzima ukamwona Maingi akimkatakata mwenye duka kwa panga. Watoto wakawa wanamkimbia huku wanacheka. Yeye mwenyewe alitembea kama bwana harusi, maana alishaahidiwa filamu ya pili.

Haukupita muda, majambazi wa kweli wakamuua mwenye duka wa mtaa wa pili, mume wa mwanamke aitwaye Khavere. Polisi wakakusanya wanaume, wakawapanga mstari, na Maingi akiwamo. Khavere akapita mbele yao analia, akafika kwa wangu, akamwekea mkono begani. Eti sura hii anaijua. Na kweli aliijua! Aliijua kutoka kwenye ile shuka, kama sisi sote. Lakini nani amsikilize mke wa mshtakiwa? Maingi akasota rumande mpaka wauaji wenyewe walipokamatwa wakakiri. Alipotoka, filamu ya pili ilishachezwa na mtu mwingine, na mtaani jina lake lilikuwa Muuaji. Watoto waliendelea kumkimbia, ila hawakucheka tena. Khavere hakuja kusema pole hata siku moja. Nilimchukia, na sioni haya kulisema.

Sasa walimtaka awe jambazi yuleyule. Akakataa.

"Nipeni nafasi ya mwenye duka," akawaambia. "Nataka niuawe mimi. Watu wanione nikionewa."

Wakacheka, lakini wakakubali. Duka walilikodi kwa siku moja tu, wakamwonya kwamba akiharibu watamtafuta mwingine na hawatamrudia.

Mimi sikupenda. Mama yangu kule Machakos alikuwa akituchapa tukijilaza kama maiti kwa mchezo, anasema tunakiita kifo. Tena aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini nilimtazama alivyoshikilia ule mlango, mtu mzima anatetemeka kwa hamu, nikanywea.

Tulipofika dukani, umati ulikuwa umejaa hadi barabarani. Kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Cheki, leo Muuaji ndio anauliwa." Nikamkata jicho. Halafu, nyuma kabisa, nikamwona Khavere. Huyu naye alifuata nini hapa?

Kamera ikaanza. Mwigizaji mwenye panga la mbao akapiga, Maingi akaanguka kati ya magunia ya unga, rangi nyekundu ikamchuruzika shingoni. Akalala pale, macho wazi. Hata mimi niliyempigia pasi lile shati nilijikuta namwita jina. Watu wote wakasimama wakimtazama, na mwelekezi wa filamu akaiacha kamera imtazame pia.

Ndipo Khavere alipopenya. Nilinyoosha mkono nimshike, nikachelewa. Aliruka kamba iliyozuia umati, akaingia dukani mbele ya kamera, akafungua leso yake kiunoni, akamfunika Maingi kuanzia kichwani hadi miguuni. Akaichomeka pembeni ili upepo usiifunue. Kisha akaketi sakafuni kando yake.

"Wangu hakufunikwa," akasema. "Mlisimama hivihivi mkimtazama mpaka gari la polisi likaja. Huyu hapana."

Halafu akaanza kulia, kilio cha matanga chenyewe, cha kumwita marehemu kwa jina.

Mwelekezi alipiga kelele mwanamke atolewe, picha inaharibika, jua linakwisha. Akamwita Maingi ainuke warudie. Akamwita tena. Kutoka pale niliposimama niliona leso ikipanda na kushuka kwa pumzi zake, kwa hiyo nilijua anasikia. Maingi hakuinuka. Alimwacha Khavere amlilie mumewe mpaka amalize.