Ng'ombe Waliotajwa

Karatasi ya Mwalimu Athanasi naikumbuka kuliko sala za kipaimara. Kurasa mbili za stensili, wino umefifia, na juu kabisa kwa herufi kubwa: MATARAJIO NA TARATIBU ZA SOMO LA TAKWIMU. Alitugawia siku ya kwanza, halafu akatusomea yote kwa sauti, utadhani sisi hatujui kusoma. Anayechelewa dakika kumi abaki nje. Anayekosa vipindi vitatu hafanyi mtihani. Fomu yenye nafasi wazi haisahihishwi. Takwimu za kubuni, sifuri na kufukuzwa chuo. Na ya mwisho, ambayo siku ile wala sikuitilia maanani: tarakimu iliyo mbali mno na nyingine iondolewe.

Ulikuwa mwaka 1996, Bariadi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi binafsi wanagombania pamba yetu, ushirika uko hoi, na ghala lake moja likakodishwa kwa mtu aliyefungua chuo. Humo ndimo tulimosoma, nyuzi za pamba zingali zimenasa kwenye nyufa za sakafu. Mimi ni Milembe binti Bundala, wa Lagangabilili. Baba aliuza madume mawili ili nipate nafasi pale. Nikikipata kile cheti, nilikuwa na kazi ya ukarani. Nikikikosa, narudi jembeni, na yule mwanamume wa Ipililo aliyekuwa akimtumia baba salamu kila mnada angepewa jibu lake.

Nusu ya alama zote ilikuwa ni kazi moja: kila mwanafunzi aende kijijini kwao, aandike idadi ya mifugo katika kaya kumi. Mwalimu alichora fomu ubaoni na kujaza mfano. Ng'ombe, 12.

Yeye alikuwa mtu wa mjini Mwanza. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba kule kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake kwa mdomo. Ukiwahesabu unawaita wapungue. Jioni mwenye zizi anatazama tu, na kama kuna mmoja hakurudi atakwambia ni yule mwekundu mwenye doa begani. Nilizunguka siku nne juani. Kila mji nasalimia mwadila, napewa kigoda, napewa maziwa, nauliza, na jibu ni moja. Wapo. Wangapi? Wapo tu, binti. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama nimetumwa na wezi. Baba yangu mwenyewe alinijibu hivyohivyo, akaendelea kula. Basi nikaandika nilichoambiwa, fomu zote kumi: Wapo.

Muzdalifa, mwenzangu wa dawati, hakutoka hata nje ya mji. Baba yake alikuwa na duka la vitenge sokoni. Alikaa nyuma ya kaunta na soda yake, akajaza kumi na moja, tisa, kumi na tano, kumi na tatu. Nusu ya darasa walifanya vivyo hivyo, wote wakizunguka ile kumi na mbili ya ubaoni kama kuku wanaozunguka kinu. Alinicheka, akasema nimezidi ulokole. Sikumchukia. Yeye angalau hakujidai kuwa anapenda ukweli.

Mwalimu alizisifia fomu zao mbele ya darasa. Zangu alizirusha mezani. Alisema "wapo" si tarakimu, fomu zangu zina nafasi wazi, na taratibu nilizisikia siku ya kwanza. Halafu akajifanya mwenye huruma: nilete walau fomu moja yenye namba, hata ya nyumbani kwetu, aamini kwamba nilikwenda kweli. Alinipa wiki moja. La sivyo, mtihani nisahau.

Nilimkuta baba anachonga mpini. Nilimweleza yote, na sioni aibu kusema kwamba nililia. Akauliza kama wasipoandikwa nitanyimwa mtihani kweli. Nikamwambia nitanyimwa. Akaweka mpini chini.

"Mimi sihesabu, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Mimi nitawataja. Kalamu yako ndiyo itakayohesabu, na usije ukaniambia imepata ngapi."

Akaanza, nami nikawa napiga mstari mmoja kwa kila aliyetajwa, na kando yake naandika alivyomtaja. Mweusi mwenye pembe iliyovunjika, aliyekuja na mahari ya shangazi Nyanjige. Binti yake, na binti wa binti yake. Wale wa kijivu waliotoka Lalago mwaka wa njaa. Yule aliyemkanyaga babu mguu. Wale waliokuwa wanatunzwa kwa shemeji zake, mmojammoja, na rangi zao. Hakukosea wala hakurudia. Jua lilitoka kichwani likashuka mpaka kwenye uzio wa minyaa, na mara mbili sauti ilimkatika, nikajua anaogopa. Baba yangu, mtu aliyewahi kumfukuza fisi kwa fimbo, alikuwa anaogopa kalamu yangu. Alipomaliza niligeukia ukutani nikajumlisha, asiione midomo yangu. Mia na themanini na saba.

Mwalimu Athanasi aliipokea fomu, akaangalia viatu vyangu. Yaani alianza na miguu yangu, ndipo akaisoma namba.

"Mtu mwenye ng'ombe mia na themanini na saba," alisema, "binti yake anavaa kandambili?"

Nikamtolea karatasi ya mistari. Nikamweleza habari ya baba na mchana mzima wa kutaja. Hakutaka hata kuisikia. Alifungua daftari lake, akanionyesha wastani wa darasa: kumi na mbili na nukta fulani. Namba yangu iko mbali mno, taratibu zinasema iondolewe, na ikiondolewa nafasi inabaki wazi, na fomu yenye nafasi wazi haisahihishwi. Nikamwambia darasa zima hakuna namba ya kweli isipokuwa hiyo. Akajibu kwamba ukweli wa takwimu hauletwi na mtu mmoja. Akaipasua karatasi ya mistari vipande vinne, akavitupa kwenye boksi la takataka, akanipa kalamu yake. Fomu zingine tisa nazo nizijaze, akasema, nisimpotezee muda.

Nikaandika kumi na nne. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikutaka kurudi jembeni. Sina utetezi mwingine. Nilipata B. Baba alichinja mbuzi, akauliza jambo moja tu: je, waliandikwa? Nikasema ndiyo, baba, waliandikwa. Akafurahi sana.

Majosho yalikuwa yamekauka tangu dawa iwe ya kila mtu kujinunulia. Miaka miwili baadaye mvua zilipozidi, kupe wakajaa majanini na ndigana ikaingia zizini kwetu. Mimi wakati huo ni karani, ninavaa viatu. Nilinunua dawa, ikafika imechelewa. Walikufa mpaka watu wakaacha kuchuna ngozi. Ndugu walikuwa wanasema pembeni kwamba mzee aliwahesabu, tena kwa ajili ya mtoto wa kike. Nikawaeleza habari za kupe, wakaitikia kwa adabu, wakaendelea kusema.

Baba hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta amekaa kwenye lango la zizi. Nikakaa kando yake, akaniwekea mkono begani, akaniuliza kama kile chuo bado kipo. Nikamwambia kipo.

"Basi nenda kaninakilie," alisema. "Nimeanza kuwasahau. Jana nimemtafuta kichwani yule wa tatu wa shangazi yako, sikumpata. Lakini kwenu wameandikwa wote."

Nilikuwa na uwongo tayari mdomoni. Ningeweza kusema chuo kimeungua. Sijui kwa nini sikusema.

"Niliandika kumi na nne, baba."

Alifikiri, kama mtu anayejaribu kujua ni kumi na nne gani hao.

"Na ile karatasi ya mistari?"

"Mwalimu aliichana."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakupandisha sauti.

"Kumbe niliwataja bure," alisema, akaondoa mkono wake begani kwangu.